Halwa Iliyopikwa Kabla ya Msiba

Khujasta alifikishwa ngome ya Siyahdez juu ya nyumbu, matiti yamemvimba na macho yamemvimba. Mtoto wake wa kwanza alikuwa amezikwa siku chache nyuma, na mumewe, mchungaji wa kondoo wa watu, hata matanga hayajaanuliwa alishamwambia arudi kwao. Huko ngomeni nako kulikuwa na kilio. Mke wa Bwana Firuzan, mtawala wa milima ile yote, alikuwa amefariki kwa uzazi, na kichanga alichokiacha kilikuwa kimelia mpaka sauti ikakauka. Wajumbe walizunguka vijijini wakiuliza ni mwanamke gani ana maziwa. Ndipo wakamkuta yeye.

Alipitishwa kwenye njia nyembamba iliyochongwa ubavuni mwa jabali, theluji ikimpiga usoni, na kabla hajavua joho lililolowa akawekewa mtoto kifuani. Yule mtoto alilishika ziwa kwa nguvu hata Khujasta akapiga ukelele.

"Huyu hanyonyi," alisema huku machozi yakimtoka, "huyu anateka nyara!"

Wanawake waliokuwepo wakacheka, na hicho ndicho kilikuwa kicheko cha kwanza ngomeni tangu mazishi. Mtoto akaitwa Vandad.

Baba yake Khujasta alikuwa mghani wa habari za wafalme wa kale. Kila majira ya baridi, njia za mlimani zikikaribia kuzibwa na theluji, huenda kijiji hata kijiji, akakaribishwa karibu na makaa, akapewa chai ya maua na zabibu kavu, akaanza. Beti juu ya beti, hakuna alichosoma mahali. Alighani wafalme waliowafundisha watu kuoka mkate, kufuma nguo na kumtia farasi lijamu. Alighani nuru ya enzi, ile ambayo Mungu humtia mtawala mwenye haki katika paji la uso, watu wakaiona wakamtii bila fimbo. Na alighani jinsi nuru ile inavyoondoka: mfalme akinuia dhuluma moyoni, hata kabla hajaitenda, ng'ombe wa nchi yake hukauka maziwa. Mzee yule hakujaliwa mtoto wa kiume. Beti zote zikahamia kwa Khujasta, aliyekuwa akimshikia mkono njiani macho ya baba yalipoanza kuzimika.

Basi maziwa yalipokwisha, Khujasta aliendelea kumlea Vandad kwa beti hizo. Alitaka awe mtawala mwema, na hakujua darasa jingine. Mtoto alisikiliza bila kupepesa macho. Lakini watoto wote huuliza farasi wa mfalme alikuwa wa rangi gani, au jitu lile lilikuwa na meno mangapi. Vandad aliuliza jambo moja tu kila hadithi ilipokwisha.

"Nani alimuua, Mama?"

"Alikufa kwa uzee, mwanangu. Alitawala kwa haki."

"Na yule mwingine?"

"Yule aliuawa na binamu yake."

"Binamu alikaa wapi usiku ule? Chumba gani?"

Khujasta alicheka akambusu kichwani. Mtoto ana akili, alijisemea. Miaka mingi baadaye maswali hayo ndiyo yaliyomrudia akiwa anakanda unga au anafua, mikono ikasimama.

Bwana Firuzan alioa tena, akapata mtoto wa pili wa kiume, Mahyar. Huyu hakunyonya kwa Khujasta, mama yake alikuwa na maziwa ya kutosha, lakini tangu alipojua kutambaa alitambaa kwenda kwenye sauti yake. Watoto wawili wakawa wanakaa chini ya blanketi moja lililofunika makaa, kila mmoja upande wake. Mahyar alikuwa mwepesi wa kulia. Farasi akifa katika hadithi, kazi ilikuwa kumbembeleza mpaka asubuhi.

"Hili nalo ni fahali gani la kulilia farasi?" Vandad humchokoza. "Ukikua utavaa ushungi."

"Nawe ukikua utakosa rafiki," Mahyar hujibu, kamasi zinamtoka. Wakapigana mito, wakalala wamekumbatiana. Walipendana wale watoto. Hilo Khujasta alilishuhudia na hakuna aliyeweza kumwambia vinginevyo.

Bwana Firuzan alianguka kutoka kwenye farasi akiwinda, akafa bila kusema neno. Vandad ndevu zilikuwa ndiyo kwanza zinamwota. Akakalia kiti cha baba yake, na Mahyar akapewa nchi ya bondeni, kule kwenye mashamba ya mpunga karibu na bahari ya Khazar, aitawale kwa niaba ya nduguye.

Miaka ya mwanzo ilikuwa miaka ya kumshukuru Mungu. Ukame ulipokuja, Vandad alifungua maghala yake kabla hajaombwa. Kila Ijumaa alikaa uani akasikiliza mashitaka ya wanyonge, na aliwahi kumchapa viboko msimamizi wake mwenyewe kwa kumpokonya mjane mbuzi. Khujasta, aliyekuwa akitazama kutoka dirisha la wanawake, aliapa kwamba aliiona nuru pajini mwa kijana wake. Alilia kwa furaha hata akakosa chakula cha mchana.

"Ni jua limempiga usoni," alisema Farrukh, mpishi mkuu wa ngome, mtu mnene ambaye mdomo wake haukujua kufungwa. "Lakini sawa, Mama Khujasta. Wewe ndiye uliyemnyonyesha, una haki ya kuona unachotaka."

Halafu Vandad akaagiza taji. Baba yake alivaa kilemba cha hariri na kikamtosha, lakini Vandad alitaka taji la dhahabu lenye mbawa kama la wafalme wa kale, na kiti cha enzi cha kupanda kwa ngazi, na akataka aitwe Shah. Akaja mtaalamu wa nasaba kutoka mbali, akala ngomeni majira yote ya baridi, na masika ilipofika ikatangazwa kwamba ukoo wa Firuzan umeshuka moja kwa moja kutoka kwa mfalme wa kwanza wa dunia.

"Juzi alikuwa mjukuu wa mfuga farasi," Farrukh alinong'ona jikoni, "leo ni mjukuu wa jua. Kesho tutaambiwa tupike bila moto, tupeleke vyungu barazani vichemkie usoni pake."

Wapishi wakacheka. Khujasta naye alicheka, ila kicheko hakikumfika tumboni. Tangu taji lilipokuja, kila sahani iliyopita mbele ya Shah ilionjwa kwanza na mtu mwingine. Mlinzi alilala mlangoni pake, na mlinzi wa pili akawekwa kumlinda yule mlinzi.

Kutoka bondeni zilikuwa zikija habari za Mahyar. Mto ulifurika, na Mahyar akaonekana amekunja suruali mpaka magotini, anabeba udongo wa kuziba tuta pamoja na wakulima. Alioa binti wa mtu wa kawaida, Nastaran, aliyejua kufuga nondo wa hariri. Watu wa huko wakitaka kuapa wakawa wanasema "haki ya kichwa cha Mahyar". Habari hizi zilipofika ngomeni wazee wa baraza walitazamana. Mmoja wao akasema mbele ya Shah, kwa sauti ya utani, kwamba fahali wawili hawakai zizi moja. Shah hakucheka wala hakumkemea. Alimimina divai akainywa polepole.

Wakati huo ndipo Vandad alipomwita Khujasta barazani awaghanie wageni. Kulikuwa na hadithi moja ya mfalme wa mashariki aliyeasiwa na nduguye, akamsamehe. Akaasiwa tena, akamsamehe. Mara ya tatu nduguye akamchoma kisu mezani. Katika beti za mwisho mfalme yule, damu ikimtoka, anasema hajuti, kwa kuwa bora afe mfalme aliyesamehe kuliko aishi mfalme anayeogopa mkate wa nyumbani kwake. Hapo ndipo baba yake Khujasta alipokuwa akinyamaza, na watu wazima wakifuta macho.

"Ghani hiyo, Mama," Vandad alimwambia kabla hawajaingia. "Ila ishie kwenye kisu."

"Kwenye kisu? Mwanangu, hadithi haijaisha hapo."

"Inatosha hapo. Wageni wamechoka."

Khujasta akaghani, akaishia kwenye kisu. Wageni walitazama chini. Vandad alizungusha macho uso baada ya uso, taratibu, kama mtu anayetafuta kondoo wake katika kundi la jirani.

"Wahenga walisema kweli," alisema mwishowe. "Kikulacho ki nguoni mwako."

Khujasta alirudi chumbani kwake akahisi amemkata baba yake ulimi.

Siku za Nouruzi, mwaka mpya wa masika, zilikaribia, theluji ikaanza kuyeyuka na vijito vikawa na kelele. Vandad alikuja mwenyewe chumbani kwa Khujasta, hakutuma mtu. Alikaa sakafuni kama alivyokuwa akikaa utotoni, akamega mkate wake.

"Mama, nimemkumbuka ndugu yangu. Miaka mingapi hajapanda huku? Nataka tuule mwaka mpya pamoja. Nimetuma wajumbe mara mbili, analeta udhuru: mafuriko, mpunga, mke wake mjamzito. Wewe akikuona hatakataa."

"Na akija?"

"Akija atakula, atacheza, tutawinda, atarudi kwake." Alimshika mikono yote miwili. "Unaniogopa, Mama? Naapa kwa maziwa niliyonyonya kifuani mwako. Hakuna mkono wa mtu utakaomgusa."

Kiapo cha maziwa katika milima ile mtu hakivunji. Khujasta alimtazama usoni, akakiona kidevu kilekile na kovu dogo alilolipata alipoanguka ngazini akiwa na miaka mitatu. Akakubali.

Alfajiri ya safari alipita jikoni kuchukua mkate na jibini ya njiani. Akamkuta Farrukh amekaa juu ya gunia, amejiinamia, na mbele yake kuna magunia ya unga, mitungi ya maji ya waridi na kifurushi cha zafarani kikubwa kama kichwa cha mtoto.

"Mwaka huu Nouruzi ni ya watu wangapi?" Khujasta alitania. "Unataka kulisha mpaka majini?"

Farrukh hakutania. Akaangalia mlango kwanza.

"Nimeambiwa karamu ya siku tatu. Nyama, wali, samaki, kila kitu. Siku ya nne nipike halwa."

"Halwa gani?"

"Halwa ya unga, Mama. Ile yetu. Masufuria kumi."

Halwa ya unga haipikwi mwaka mpya. Hupikwa siku ya maziko, harufu yake ikapanda ili roho ya marehemu ijue watu wake wamekusanyika. Hakuna mtu aliyekuwa mgonjwa ngomeni.

"Halwa ya nani, Farrukh?"

"Mimi mpishi," alisema yule mtu mnene. "Naambiwa chungu, sitajiwi jina. Nenda salama, Mama. Na njia ni mbaya, hakuna atakayekushangaa ukichelewa."

Khujasta hakuchelewa. Alimhimiza nyumbu njia nzima, akapita msitu mnene akiwa hata hasikii ndege, akafika kwa Mahyar amechoka kama gunia tupu. Mahyar alitoka mbio akamshusha kwa mikono yake mwenyewe, akampigia kelele mkewe alete maji ya moto, alete samaki, alete mto. Nastaran alikuja akitembea kwa kuyumba, tumbo limeshamtangulia.

Khujasta hakungoja kula. Alimwambia kila kitu: kiapo, kisu, masufuria kumi.

Mahyar akauliza, "Mama Khujasta, aliyekutuma ni kaka yangu au ni Shah?"

"Alikaa sakafuni kama kaka yako. Magunia ya unga ni ya Shah. Usiende, mwanangu. Vunjika mguu leo hii, nitakuvunja mwenyewe. Nitarudi niseme umelala kitandani."

"Halafu?"

"Halafu utaishi!"

"Halafu atashuka na jeshi, kwa kuwa nimemkatalia mara tatu. Farasi watakanyaga mpunga wa watu hawa. Nyuma ya lile tuta nililojenga kuna watoto wa kila nyumba." Akamshika bega. "Nisikilize. Nikipanda bila upanga, na wewe mama yake wa maziwa ukiwa kando yangu, watu wote wakiona, atanifanya nini? Atatahayari. Vandad si mbaya. Ana hofu. Si wewe uliyetufundisha kwamba ndugu humwendea nduguye mikono mitupu, na nuru ikarudi mahali pake?"

"Zile zilikuwa hadithi za watoto!"

"Ulitulea kwazo," Mahyar akasema, na hakusema kwa kulaumu. Ndiyo maana maneno yale yakamchoma Khujasta zaidi.

Nastaran alimsihi mumewe mpaka akapiga magoti na tumbo lile. Haikusaidia kitu. Siku ya pili walipanda mlima, Mahyar amevaa kanzu nyeupe, kiunoni hamna kitu zaidi ya mshipi. Wakulima walisimama pembeni mwa mashamba wakimtazama, na hakuna aliyeimba. Bibi mmoja alirusha maji nyuma ya farasi wake, kama wafanyavyo ili msafiri arudi.

Vandad alishuka hadi lango la chini kumpokea. Walikumbatiana mbele ya watu wote na Vandad akalia machozi ya kweli. Khujasta alikuwa karibu, aliyaona yakishuka mpaka ndevuni. Siku tatu zilikuwa za ngoma na vyakula. Ndugu wawili walikula sahani moja, na kwa mara ya kwanza tangu taji lilipokuja mwonjaji wa Shah alikaa bila kazi. Walikumbushana mito waliyopigana. Khujasta akaanza kupata usingizi. Huenda Farrukh alisikia vibaya, alijiambia. Huenda halwa ni ya kumkumbuka Bwana Firuzan.

Asubuhi ya siku ya nne walikwenda kuwinda mbuzi wa majabali. Kabla ya adhuhuri harufu ya unga unaokaangwa kwa siagi na zafarani ilianza kupanda kutoka jikoni, ikaingia kila chumba. Khujasta alishuka ngazi mbio, bila viatu. Uani alimkuta Farrukh anakoroga chungu huku machozi yanadondokea ndani, na wasaidizi wake wakikoroga vyungu vingine bila kutazamana. Wawindaji walikuwa bado hawajarudi.

Walirudi alasiri. Mwili wa Mahyar ulikuwa umelazwa juu ya farasi wake mwenyewe, ile kanzu nyeupe haina tena rangi ya kutajwa. Farasi ameteleza kwenye jabali, walisema wote kwa neno moja. Hakuna mkono wa mtu uliomgusa. Na huenda hata hilo lilikuwa kweli kwa namna fulani. Maana farasi, Khujasta alipompapasa, alikuwa mzima kabisa, hana mchubuko, ila chini ya tandiko kulikuwa na miba ya mlimani iliyozama katika nyama.

Halwa ililiwa. Ilikuwa ya moto, imeiva vizuri.

Baada ya maziko Vandad alimwita Khujasta. Alikuwa bila taji, macho mekundu, na alionekana kama mtoto aliyeamshwa kutoka ndotoni.

"Mama, mtungie beti. Jina lake liungane na ya wafalme. Watu wa bondeni wasikie nilivyompenda."

"Sauti imenikauka, Shah wangu."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo wakiwa wawili tu. Vandad alielewa, au hakuelewa. Alichezea pete.

"Sawa. Itarudi. Sasa nenda bondeni ukamlete Nastaran. Mtoto wa ndugu yangu azaliwe hapa, alelewe hapa, nimwone kila siku. Utamlea wewe. Wewe Nastaran anakuamini."

Khujasta akainama. "Nitakwenda," akasema, na safari hii hakuomba kiapo.

Alipewa askari wawili. Walipofika, alikuwa wa kwanza kuingia, na alichomwambia Nastaran nyuma ya pazia hakikuzidi pumzi chache. Hapakuwa na muda wa kulia. Kisha akatoka mlangoni amejipiga mikono kichwani.

"Uchungu umemwanza! Habari ya msiba imemwangusha! Nyinyi wanaume mnasimama hapa mnatazama nini? Tokeni, kaeni kule nje ya ua, mwanamume akisogea mtoto anageuka tumboni!"

Askari wakaondoka mbio kama waliofukuzwa na nyuki. Chumbani akabaki mjakazi mmoja mzee, aliyekwisha kusahau lini alizaa mara ya mwisho, naye akalala kitandani akaanza kulia kwa uchungu mpaka kuta zikatetemeka. Alilia kutwa nzima. Askari walikaa nje wakila mkate na kumwombea. Wakati huo Khujasta na Nastaran walikuwa wamelala chini ya majani makavu ya mpunga katika mtumbwi bapa wa wakulima, wakisukumwa kwa upondo kwenye mfereji, kisha kwenye vinamasi vyenye matete, wakielekea mashariki. Yule mjakazi alilipwa nini kwa kazi ile Khujasta hakupata kujua, na hakuthubutu kuuliza. Alimtaja katika kila sala mpaka mwisho wa maisha yake.

Walikaa katika mji mmoja ng'ambo ya msitu, chini ya mtawala asiyepatana na Siyahdez. Nastaran alifuga nondo wa hariri na kufuma. Khujasta alibadili jina, akawa Bibi Mahin, shangazi wa mfumaji mjane. Mtoto alizaliwa, msichana, wakamwita Mahrukh. Siku ile Nastaran alishukuru Mungu. "Anatafuta mtoto wa kiume," alisema. "Huyu hatamtaka." Khujasta alikuwa amemlea mtafutaji, na alijua kwamba anakumbuka kila hadithi ambamo enzi ilirudi kupitia tumbo la binti.

Kila mwaka alingoja habari kutoka milimani. Alingoja kusikia kwamba ng'ombe wa Siyahdez wamekauka maziwa. Wafanyabiashara waliokuja kununua hariri aliwauliza kwa kujifanya hajali, na wao walimjibu wakitafuna lozi.

"Siyahdez? Nchi imetulia, bibi. Shah amejenga daraja, kodi imepungua. Ng'ombe? Jibini nyingi kama ya mwaka huu hatujawahi kuiona. Enzi njema."

"Njema," Khujasta hujibu, akageuka kuchochea moto.

Siku moja mfanyabiashara akaongeza jambo. "Tena Shah ana moyo mwema. Anamtafuta yaya wake aliyempotea zamani. Anasema hawezi kulala bila kusikia beti zake. Atakayemwona atapewa farasi na tandiko lake."

Tangu siku hiyo Khujasta hakughani hata ubeti mmoja, hata chini ya pumzi akifua. Mahrukh alikua akimjua shangazi mkimya ambaye akiombwa hadithi husema hajui, nenda kaangalie mkate usiungue. Majira ya baridi majirani walikusanyika nyumba moja kumsikiliza mghani aliyepita, na ilikuwa vibaya kutokwenda, wangeuliza. Akaenda. Mghani hakuwa hodari. Alichanganya wafalme, akamwoza mmoja wao kwa binti yake mwenyewe. Watu walicheka. Khujasta alijiziba mdomo kwa tunda kavu la mforsadi, na hapo akamwona mgeni mmoja amekaa karibu na mlango. Mgeni yule hakuwa akimtazama mghani. Alikuwa akitazama midomo ya wanawake wazee, mmoja baada ya mwingine, kwa kuwa mtu anayejua beti hawezi kuzisikia bila midomo kucheza. Macho yalipomfikia, Khujasta alikuwa anatafuna. Mgeni akatazama mwingine. Alipoondoka alimshukuru mwenye nyumba kwa adabu, akauliza kama mtaa ule una wajane wengi.

Hakurudi. Au alirudi na hawakumjua.

Khujasta aliugua miaka michache baadaye, wakati miforsadi ilipokuwa inachipua na viwavi wa hariri wanataka majani yake mchana kutwa. Homa ilimpanda, akaanza kuwaita watu ambao Mahrukh hakuwajua. Siku ya tatu beti zikaanza kumtoka. Zilitoka kwa sauti ya wazi, nzuri, sauti ya msichana anayemshika mkono baba kipofu njiani, na hazikukosea hata neno: wafalme wa mkate na lijamu, ndugu wa mashariki na kisu, na maneno ya mwisho yale yaliyokatwa. Mahrukh, aliyekuwa na miaka kumi, alisimama mlangoni amepigwa na butwaa.

"Mama, kumbe shangazi anajua! Anajua zote!"

Nastaran alikuwa ameshafunga dirisha la kwanza na anakimbilia la pili. Barabarani watu walikuwa wakipita, ilikuwa siku ya soko.

"Kaa kwenye kitanda cha kufumia," alimwambia binti yake. "Fuma. Piga ubao kwa nguvu zako zote, usiache mpaka nikwambie."

Msichana akafuma. Ubao uligonga, ukagonga, jirani akagonga ukuta kulalamika na bado haukuacha. Ndani, Nastaran alikuwa amepanda kitandani, amemlaza mgonjwa mapajani, kiganja chake kimefunika ule mdomo kwa upole, na chini ya kiganja midomo iliendelea kwenda. Ilipotulia, na pumzi ikatulia nayo, alasiri ilikuwa imeingia. Nastaran hakuondoa mkono mara moja. Nje ya chumba Mahrukh alikuwa bado anapiga ubao, mikono inamuuma, akingoja kuambiwa aache.